Bakhita na mtoto aliyemlilia



Huku kwetu Keza, siku ya gulio, utaona watoto wamekaa mlangoni kwa bibi wakiangalia njia aliyopita mama na mzigo wake. Nilikuwa mmoja wao. Labda ndiyo maana, kila nikisoma maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, nakwama kwa mtoto mmoja ambaye wengi wanampita haraka: Mimmina.

Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, mwaka 1869 hivi. Siku moja mama yake alikwenda shambani, na dada mkubwa aliyebaki nyumbani akatekwa. Kilio cha mama siku ile Bakhita hakukisahau. Baadaye akatekwa na yeye, bado mdogo kabisa. Kwa hofu akasahau hata jina alilopewa na wazazi, yaani hili tunalomwitia leo alipewa na watekaji. Kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Bahati gani jamani! Aliuzwa tena na tena, akapigwa, akachanjwa chale zaidi ya 100 zikatiwa chumvi. Mama yake hakumwona tena.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na konseli wa Italia, Callisto Legnani, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko akapewa familia ya Michieli, karibu na Venezia. Mwaka uliofuata akazaliwa Mimmina, na Bakhita akawa yaya wake. Baba wa mtoto alikuwa na hoteli Suakin, bandari ya Sudan, kwa hiyo mama, Bibi Turina, akawa mtu wa safari. Mwaka 1888 aliondoka tena, akawaacha wote wawili kwa Masista wa Canossa, Venezia. Mtoto ambaye mama yuko mbali, mikononi mwa msichana aliyenyang'anywa mama. Kumbe ndiko Bakhita alikofundishwa katekisimu, akamjua Mungu ambaye alikuwa akimwaza tangu utotoni alipotazama nyota.

Turina aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa. Mama yule akaja juu, kesi ikafika mbele ya wakubwa, Patriaki wa Venezia akiwepo. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo Bakhita ni mtu huru. Mimmina, mwenye miaka mitatu tu, alilia sana akimng'ang'ania.

Nimesoma falsafa miaka kadhaa, na kuhusu uhuru nimeandika kurasa nyingi tu. Kiukweli hakuna iliyonisaidia hapa. Bakhita alikuwa na haki, hilo sina shaka. Lakini alimpenda yule mtoto, alimpenda na Bibi Turina pia, na kuachana nao kulimuuma. Mimi nisingeweza kuvumilia kile kilio.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, na mwaka 1896 akaweka nadhiri. Miaka mingi aliishi Schio, akiwa mpishi, mshonaji, msakristani. Kazi ninayoipenda zaidi ni ya mlangoni. Watoto walipokuja shule asubuhi, wakiachana na mama zao, Bakhita aliwawekea mkono kichwani, taratibu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, akimwita Mama Maria.