Apolo Kivebulaya: kanoni mwenye jembe, wa Boga

Siku hizi jina la Boga tunalisikia zaidi katika habari za vita. Mwishoni mwa Mei 2021, Boga na Tchabi, kule Irumu katika jimbo la Ituri, vilishambuliwa usiku mmoja na watu zaidi ya hamsini wakauawa. Lakini wazee wa kule, ukiwauliza Boga ni wapi, watakuanzia mbali: ni kwa Apolo.

Hapa Goma wengi wakisikia Anglikana wanafikiri Uingereza. Kumbe kwa Kongo, Kanisa hilo halikuletwa na muzungu. Lililetwa na walimu Waganda waliovuka Semliki kwa miguu. Wawili wa kwanza walirudi kwao kwa sababu ya njaa na upinzani wa chefu Tabaro. Mwaka 1896 akaja Apolo.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, mmoja wa mapacha. Ujana wake haukuwa wa kujivunia: alivuta bangi, alibeba silaha katika vita vya dini vya kwao. Alibatizwa mwaka 1895. Alioa, bibi yake akafariki mapema, na hakuoa tena. Kivebulaya ni jina la utani tu, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti la kizungu alilovaa pamoja na kanzu.

Pale Boga hakungoja kulishwa na chefu. Alishika jembe, akalima shamba lake, akajenga kwa mikono yake, na jioni akafundisha watu kusoma. Halafu balaa likaingia. Dada wa Tabaro alianguka juu ya mkuki, akafa, na lawama yote ikamwangukia mwalimu. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Fort Portal, ng'ambo ya Semliki. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mle gerezani alimuona Yesu akiangaza kama jua na kumtia moyo. Alipoachiliwa, mutu mwingine angebaki kwao, na hakuna angemlaumu. Yeye alirudi kwa Tabaro yule yule. Na huyo chefu mwishowe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, padri mwaka 1903, na akatumika miaka mingi Toro. Wazungu walipokwisha kugawa mipaka, Boga ikabaki upande wa Wabeleji. Mwaka 1915 akarudi kuishi huko. Mwaka 1922 wakamfanya kanoni wa Namirembe, kanisa kuu la Kampala. Hiyo si cheo kidogo! Kwetu tunajua mutu akipata cheo anavyohama mtaa. Kanoni Apolo alibaki Boga na jembe lake.

Tena hakusimama hapo. Alikuwa amekaribia miaka sitini alipoanza kuingia pori ya Ituri kutafuta Bambuti. Majirani zao wakulima waliwadharau, wengine waliwahesabu kama mali yao. Apolo alikaa nao kambini, akajifunza lugha yao, akawafundisha kusoma kama alivyowafundisha watoto wa Boga, na akatafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Kazi ya aina hiyo haina watu wa kukupigia makofi. Unamaliza wiki kambini, unarudi na unakuta wamehama kufuata nyama, unaanza kuwatafuta tena. Lakini kabla hajafa, Bambuti wa kwanza walikuwa wamebatizwa.

Ugonjwa ulipomzidi alikuwa Uganda. Aliomba arudishwe Boga afie pale, na alifariki tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi ya Waganda, maiti huzikwa kichwa kikielekea mashariki. Apolo alikuwa ameagiza kinyume: kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa pori, kwa wale ambao hakuwa amewafikia bado.