Jemadari Aliyerudishwa Baharini

Anayeshika kalamu ya kumfukuza mtumishi wa umma hana budi kuyajua maisha ya Yi Sun-sin, jemadari wa jeshi la bahari la Korea, aliyezaliwa Seoul mwaka 1545.

Wajapani walipoivamia Korea mwaka 1592, Yi alizivunja merikebu zao mara kwa mara, na karibu na kisiwa cha Hansan akawapa pigo kubwa. Mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa jeshi la bahari la mikoa mitatu ya kusini.

Fitina haikulala. Mwaka 1597 jasusi wa Wajapani alipenyeza habari kwamba mmoja wa majemadari wao alikuwa karibu kuvuka bahari. Mfalme Seonjo akaamuru ashambuliwe. Yi aliushuku mtego, asiende. Mahasidi wake barazani wakapata walilolitafuta: alikamatwa, akateswa, akavuliwa cheo na kupelekwa kutumika kama askari wa kawaida. Mama yake alifariki akiwa safarini kwenda kumwona.

Nafasi yake alipewa Won Gyun. Haikupita miezi mingi, jeshi lililojengwa kwa miaka likaangamizwa huko Chilcheollyang. Zikasalimika merikebu 12. Ndipo mfalme alipomrudishia Yi cheo chake. Hata hivyo, kwa uchache wa merikebu hizo, mfalme alifikiri kulivunja jeshi la bahari na kuwahamishia mabaharia nchi kavu. Yi alimjibu kwa heshima kwamba maadamu merikebu 12 zipo, naye yu hai, bahari haiachwi.

Oktoba 1597, akiwa na merikebu 13, aliwangoja maadui katika mlango mwembamba wa Myeongnyang, baina ya kisiwa cha Jindo na bara. Walikuja na merikebu za vita zaidi ya 130. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufunzwa nguvu ya mkondo. Pale maji hukimbia kwa kasi, kisha hugeuka. Yalipogeuka, merikebu za Wajapani zilivurugika na kugongana. Zikapotea 30 hivi, na Yi hakupoteza hata moja.

Desemba 1598 alipigwa risasi katika vita vya Noryang. Aliagiza kifo chake kifichwe mpaka vita viishe, wenziwe wasivunjike moyo.

Tunaona hapa mafunzo mawili. La kwanza ni la wenye mamlaka: shutuma ichunguzwe kabla ya adhabu, na kosa likidhihirika, aliyedhulumiwa arudishwe bila ya kuona haya. Seonjo alichelewa, lakini alirudi nyuma, na nchi yake ikanusurika. La pili ni la mtumishi aliyerudishwa: Yi hakudai kwanza kulipwa machungu yake. Alihesabu merikebu zilizobaki, akaingia kazini.