KAPITENI MBAYE DIAGNE, ASKARI ASIYE NA BUNDUKI

Huku kwetu Beni na Butembo, kutaja askari wa ONU kunaamsha uchungu mwingi. Tumezika watu wetu huku kofia za buluu zikiwa karibu. Novemba 2019 watu wa Beni waliandamana kwa hasira, na Julai 2022 wa Butembo vilevile, damu ikamwagika. Hayo hatuyafichi. Lakini leo tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyevaa kofia hiyo, na namna jina lake lilivyofika mpaka msitu wa Kididiwe.

Mbaye Diagne alizaliwa mwaka 1958 huko Coki, nchi ya Senegal, katika nyumba ya watoto tisa. Alisoma chuo kikuu cha Dakar, kisha akaingia jeshini. Alikuwa Mwislamu, mwenye mke na watoto wawili. Mwaka 1993 alitumwa Rwanda kuwa mwangalizi wa amani. Waangalizi hawakubeba silaha.

Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji yalipoanza Kigali, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa. Kapiteni Diagne akawakuta watoto wake wamejificha, akawatoa salama. Siku ileile askari 10 wa Ubelgiji waliuawa, na Ubelgiji ikaondoa jeshi lake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua wabaki watu 270 tu. Dunia ilirudi nyuma, yeye akabaki. Amri haikumruhusu kuokoa raia. Hata hivyo alipakia watu watatu, wanne, watano katika motokari yake, akapita nao kwenye bariera za wauaji, akarudi kuchukua wengine. Silaha yake ilikuwa sigara, kicheko na maneno ya upole. Wakubwa wake walijua, wakanyamaza. Waliookoka kwa mkono wake ni mamia.

Tarehe 31 Mei 1994, siku chache kabla ya kurudi kwao, bomu lilianguka karibu na motokari yake penye bariera. Akafa, mwenye miaka 36.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka medali ya ushujaa yenye jina lake. Jamaa yake waliipokea mwaka 2016. Aliyefuata alifia kwetu. Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua Beni na Butembo, Chancy Chitete, askari wa cheo cha chini kutoka Malawi, alikuwa vitani na ADF huko Kididiwe. Koplo wa Tanzania alijeruhiwa, hakuweza kutembea. Chitete akamwendea chini ya risasi, akamburuta, akamhudumia. Yeye akapigwa, akafa, koplo akaishi. Mei 2019 mjane wake alipokea medali hiyo New York.

Basi, wapendwa, jeshi zima laweza kushindwa kazi yake, na tuna haki ya kuuliza. Lakini mbele za Mungu kila mtu atajibu mwenyewe kwa ajili ya mwenzake aliyeanguka njiani. Je, mtaani kwako ni nani ameanguka? Umrudie. Amina.