William Mackinnon

William Mackinnon (31 Machi 1823 – 22 Juni 1893) alikuwa mfanyabiashara kutoka Uskoti aliyeanzisha kampuni ya meli za mvuke ya British India Steam Navigation Company. Anakumbukwa pia kama mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEAC).

Maisha

Mackinnon alizaliwa Campbeltown, Uskoti. Baada ya kufanya kazi dukani na Glasgow alihamia Uhindi, na mwaka 1847 aliungana na Robert Mackenzie katika biashara. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli kati ya Calcutta na Burma, ambayo mwaka 1862 ilipewa jina la British India.

Meli na makaa ya mawe

Gharama kubwa ya meli za mvuke ilikuwa makaa ya mawe. Meli za kwanza zilihitaji makaa mengi hata nafasi ya mizigo ikapungua. Katika miaka ya 1860 na 1870 ilienea injini iliyotumia mvuke uleule mara mbili: kwanza katika silinda ndogo yenye shinikizo kubwa, halafu katika silinda kubwa yenye shinikizo dogo. Injini hiyo iliokoa takriban theluthi moja ya makaa au zaidi. Pamoja na kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, ilifanya safari ndefu za Bahari ya Hindi zilipe.

Meli nyingi za British India zilijengwa na familia ya Denny huko Dumbarton. Mwaka 1883 karakana hiyo ilifungua bwawa la kupima vielelezo vya meli kwa njia ya William Froude, ili kupata umbo la meli linalopita majini kwa nguvu ndogo.

Afrika Mashariki

Mwaka 1872 kampuni ilipata mkataba wa serikali ya Uingereza wa kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Hapo awali Zanzibar haikuwa na meli ya barua yenye ratiba. Bandari haikuwa na gati la maji marefu, hivyo meli zilitia nanga na mizigo ilishushwa kwa mashua na matishari. Makaa yalitoka ng'ambo, na makuli waliyapakia kwa mikono.

Mackinnon alijadiliana na Sultani Barghash bin Said kuhusu kukodi pwani ya bara, lakini mazungumzo yalivunjika mwaka 1878. Mwaka 1887 Barghash alikubali kumkabidhi utawala wa sehemu ya pwani, na mwaka 1888 IBEAC ilipata hati ya kifalme. Kampuni haikupata faida. Kuanzia 1890 meli zake zilishindana pia na Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyopewa ruzuku na serikali ya Ujerumani.

Mafia na Bweni

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilitambua Mafia kuwa ya Sultani wa Zanzibar, lakini mwaka 1890 kisiwa kiliingia mikononi mwa Wajerumani. Katika ncha ya kaskazini, karibu na kijiji cha Bweni, ulijengwa mnara wa taa wa Ras Mkumbi kuongoza meli. Watu wa Mafia waliendelea kusafirisha nazi kwa majahazi. Jahazi halikuhitaji makaa, lakini lilitegemea misimu ya kaskazi na kusi. Meli ya mvuke ilifuata ratiba, ila iliwafunga wenyeji kwa bei na mikataba iliyoamuliwa mbali nao.

Kifo na kumbukumbu

Mackinnon alifariki London mwaka 1893 bila kuacha mtoto. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ilichukua maeneo ya IBEAC. Jina lake limebaki katika mji wa Mackinnon Road nchini Kenya. Pia lilipewa meli ya mvuke iliyosafirishwa vipande vipande hadi Ziwa Viktoria.