Tom Mboya, yule wa Wizara ya Mipango

Ndugu zangu, sisi tunaosoma nje tunamjua Tom Mboya kwa ile ndege ya 1959 iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Mimi leo nataka nimzungumzie Mboya mwingine, yule wa wizarani.

Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge, wazazi wakiwa watu wa kisiwa cha Rusinga. Akawa bwana afya Nairobi, kiongozi wa wafanyakazi, akasoma mwaka mmoja Ruskin, Oxford. Baada ya uhuru akaja kukabidhiwa mipango ya uchumi.

Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Namba 10, na mkono wake humo ni mkubwa. Hesabu ilikuwa hivi: pesa ni chache, basi ziwekwe penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, halafu faida isaidie kwingine. Mimi nasomea mipango, na kwenye karatasi siilaumu sana hesabu hiyo. Tabu ni ile "halafu". Kwenye kahawa na chai pesa zilifika. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera wakabaki wanasubiri.

Mtu atasema hakupewa muda. Kweli, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, ana miaka 38. Lakini wenzake walibaki, na waraka ulibaki.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta kaunti 47, pamoja na mfuko maalumu wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Pesa zake ni za maji, afya, barabara na umeme. Barabara na umeme! Vitu vilevile ambavyo 1965 ulitakiwa uwe navyo kwanza ndipo upewe pesa.