Sheikh Abdullah Saleh Farsy na Mutalaa wa Nyumbani

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumwangalie mwanachuoni ambaye tafsiri yake ya Qur'ani imo katika nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu, tangu Ngarenaro na Kaloleni hadi Usa River na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Vijana wengi wa sekondari wanaliona jina lake juu ya jalada pasi na kujua kwamba mwenye jina hilo alikuwa mwalimu wa shule.

Sheikh Abdullah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Utoto wake ulikuwa na njia mbili, kama ulivyo wa watoto wetu: shule ya serikali upande mmoja, chuo na darsa za misikitini upande wa pili. Alipomaliza mafunzo ya ualimu alianza kusomesha shule za msingi mwaka 1933, akadumu katika kazi hiyo zaidi ya miaka kumi, na baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba. Hata hivyo hakuacha kukaa mbele ya masheikh wakubwa, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit.

Darsa ya zama zile ilikuwa na utaratibu ambao wazazi wa leo wangefaa kuujua. Kitabu kilisomwa mbele ya sheikh mlango baada ya mlango, na mwanafunzi alitakiwa awe amekwisha kuupitia mlango ule nyumbani: ameyatambua matamshi, ametafuta maana, ameweka alama palipomshinda. Kazi hiyo huitwa mutalaa, na Kiswahili cha wazee kililitumia neno kutalii kwa maana ya kusoma kwa kuchungua. Sisi wa mji wa watalii tumebakiwa na Serengeti na Ngorongoro tu. Neno mtalaa nalo limekwenda wizarani. Kilichopungua ni kazi yenyewe, kwani mwanafunzi wa kidato cha pili anayenakili majibu ya hesabu kwa mwenzake asubuhi kabla ya kengele hajatalii chochote, japokuwa daftari lake limejaa.

Sheikh Farsy aliandika pia tarehe ya Imam Shafi, ambaye maisha yake ni ushahidi katika jambo hili. Imam Shafi alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijria, sawa na 767, akafiwa na baba angali mdogo, na mama yake akamhamishia Makka. Imesimuliwa kwamba mama yule hakuwa na ada ya kumlipa mwalimu, na kwamba mtoto aliandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Tuzingatie kwamba mama hakumsomesha fiqhi mwanawe. Alimpatia mahali, wakati na moyo.

Nasema hivyo kwa sababu wazazi wengi hujitetea kwamba fizikia na kemia hawazijui, tena zinasomeshwa kwa Kiingereza. Ni kweli, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta ukuta mbele yake aingiapo kidato cha kwanza. Lakini mzazi anaweza kumwambia mwanawe amweleze somo la leo kwa Kiswahili. Akiweza, amelifahamu, akibabaika, ajue pa kurudia. Kazi kubwa ya Sheikh Farsy ilikuwa ya namna hiyo hiyo, kuyachukua ya Kiarabu na kuyaweka katika Kiswahili ambacho mama wa nyumbani anakifahamu.

Na kazi hiyo haikufanywa kwa siku moja. Tafsiri ilianza kutoka kwa sehemu sehemu naye akiwa bado na majukumu ya mchana. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, yakapita Mapinduzi ya 1964, mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashika wadhifa wa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Tafsiri kamili, Qurani Takatifu, ilichapishwa Nairobi mwaka 1969.

Sasa niwageukie walimu wenzangu wa madrasa. Kumzuia kijana wa sekondari chuoni hadi baada ya Isha, kila siku, kisha arejee nyumbani hana nguvu ya kushika kalamu, si kuitumikia dini. Aliyetufasiria Qur'ani alikuwa mtu wa shule na msikiti pamoja. Wazazi nao waangalie mabinti: mara nyingi kaka yuko mezani na taa, naye dada yuko jikoni na ndoo, ilhali mtihani wa kidato cha nne ni mmoja kwa wote wawili.

Sheikh Farsy aliendelea kuandika uzeeni. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, ambamo hueleza fulani alisoma kwa nani na alimsomesha nani. Aliacha ukadhi mwaka 1980, na tarehe 9 Novemba 1982 akafariki dunia mjini Muscat, Oman. Mwenyezi Mungu amrehemu.