Lumumba, karani wa posta aliyetazama mbali

Mbele ya kuwa waziri wa kwanza wa Kongo, Patrice Emery Lumumba alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, muji unaoitwa leo Kisangani.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, katika Sankuru. Alisoma kwenye shule za misioni, lakini masomo hayakufika mbali. Akiwa kijana alitafuta kazi Maniema, kwa kampuni ya madini, kisha mwaka 1944 akafika Stanleyville.

Wakati ule wa ukoloni, njia za kazi zilikuwa chache kwa Mukongomani. Lumumba akajiwekea lengo la karibu: kuingia posta na kujua kazi ile vizuri. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kwenye masomo ya posta, akayamaliza mwaka 1948. Pembeni ya kazi alisoma vitabu vingi, ili kujaza kile shule haikumupa.

Lengo la mbali lilikuwa lingine: kutambuliwa sawa na Mubelgiji. Serikali ya kikoloni ilikuwa na karata yake ya watu walioitwa evolue, na waliopewa walikuwa wachache sana. Lumumba aliomba, wakamukatalia. Akarudilia, akaipata mwaka 1954. Lakini hata na karata mufukoni, mushahara haukulingana na ule wa muzungu. Pale njo aliona kwamba mulango ule haukuwa unafika fasi alitaka kwenda. Akazidi kuandika katika magazeti na kuongoza chama cha wafanyakazi wa posta.

Kosa halikukosa. Julai 1956 alikamatwa juu ya feza za posta. Alikubali kama alizichukua, na akafungwa hadi Septemba 1957. Akiwa gerezani aliandika kitabu juu ya maisha ya kesho ya Kongo, ambacho kilichapwa nyuma ya kifo chake.

Alipotoka, njia ya posta ilikuwa imekatika. Akaenda Léopoldville, akapata kazi ya kutangaza na kuuzisha pombe ya Polar. Wengine wangeona ni kushuka. Yeye kazi hiyo ilimuzungusha katika mitaa, akazoea kusema na watu wa kila kabila. Oktoba 1958 akaanzisha na wenzake chama cha MNC. Sasa lengo halikuwa tena la mutu moja: lilikuwa uhuru wa inchi nzima.

Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulifika, yeye waziri wa kwanza, na miaka 34. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Kijana anayeshika diploma bila kazi anaweza kuona jambo moja katika maisha hayo: Lumumba alibadilisha kazi mara nyingi, na hata lengo lake alilibadilisha alipoona ni fupi. Hakungoja kazi kubwa ndipo aanze kujifunza.